Ukuta Ukitoka Jasho: Kusaka Chanzo cha Joto na Unyevu Katika Mgodi wa Chumvi

Aliyekulia Tanga au Mombasa anakijua kikopo cha chumvi cha wakati wa masika. Mama hutia punje za mchele ndani, hukifunika vizuri, na asubuhi bado chumvi imeshikana bonge na chini pametuama maji. Kipeleke kikopo hichohicho Dodoma mwezi wa nane, ukiache wazi wiki nzima, na chumvi itamiminika kama mchanga. Chumvi ni ileile. Kilichobadilika ni hewa.

Mgodi wa chumvi ni kikopo hicho kilichopanuliwa hadi kilomita kadhaa, na watu wamo ndani. Kuta, dari, sakafu na nguzo, vyote ni chumvi, na vyote vinafuata kanuni moja: unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 75 hivi, chumvi safi hubaki kavu, ukivuka hapo, chumvi huvuta maji kutoka hewani na kuanza kuyeyuka. Ndiyo maana nikiitwa kuchunguza malalamiko ya joto, naanza na ukuta kabla ya kipimajoto. Malalamiko mengi yanayoletwa kwa jina la joto, ukiyafuatilia, mzizi wake ni maji yaliyoingia hewani mahali fulani.

Sisi wa Afrika Mashariki chumvi yetu haitoki kwenye mashimo marefu. Tunaikausha juani kwenye mabwawa ya pwani, tunaichemsha Uvinza, tunaikusanya Ziwa Katwe. Kwa hiyo mifano ya hapa chini inatoka Ulaya na Marekani, ambako chumvi ya bahari za kale imelala chini ya ardhi kwa mamia ya mita. Mimi mwenyewe nilianza kazi ya kupima hewa kwenye dhahabu, Kanda ya Ziwa, kabla ya kwenda kwenye chumvi, na makosa yangu ya mwanzo huko yalitokana na mazoea ya dhahabu. Moja nitalisimulia.

Kwanza ujue mgodi wako ulitakiwa uweje

Huwezi kusema pamezidi joto kama hujui joto la asili la pale. Kwa kawaida mwamba huongezeka nyuzi joto 25 hadi 30 kwa kila kilomita unayoshuka, ukianzia wastani wa joto la mwaka la juu ya ardhi. Chumvi hupitisha joto vizuri kuliko miamba mingi, kwa hiyo ndani ya tabaka lake ongezeko huwa dogo kidogo, lakini hesabu hiyo inatosha kuanzia.

Salina Turda, Romania, hukaa nyuzi 10 hadi 12 mwaka mzima. Winsford, Uingereza, mgodi uliofunguliwa 1844, hukaa karibu na 14, na uthabiti huo ndio uliofanya baadhi ya vyumba vyake vikodishwe kuhifadhi nyaraka. Njia ya wageni ya Wieliczka, Poland, iko kwenye 17 au 18. Hutchinson, Kansas, mita 198 chini, ni kama 20. Kisha kuna Boulby, Uingereza, zaidi ya mita 1,100 chini, ambako mwamba wenyewe hukaribia nyuzi 40 na ukiushika unauhisi.

Hewa nayo hupata joto kwa kushuka tu, kwa sababu inabanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake: karibu nyuzi 10 kwa kila mita 1,000, kama shimo la kushukia ni kavu. Mtu akikuambia hewa inaingia juu ikiwa na nyuzi 15 na kufika chini ikiwa na 25 na kwamba lazima kuna mtambo uliosahaulika ukiwaka, mwulize kina cha shimo kwanza.

Vipimo viwili, siku zote

Kipimajoto cha kawaida kinakupa joto kavu. Cha pili ni kipimajoto kilekile, ila ncha yake imevishwa utambi wa pamba uliolowa maji safi na kupitishiwa upepo. Maji yanapokauka kwenye utambi huupoza, kama jasho linavyoupoza mwili, kwa hiyo kipimo hiki, nitakachokiita joto la utambi, kinakueleza jasho la mfanyakazi lina nafasi gani ya kufanya kazi yake.

Tofauti kati ya viwili hivyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Hewa ya nyuzi 40 yenye unyevu wa asilimia 20 ina joto la utambi la kama 23. Hewa ya nyuzi 40 hizohizo yenye unyevu wa asilimia 60 ina joto la utambi la kama 33. Kwenye ya kwanza mtu aliyezoea anafanya kazi, akinywa maji na kupumzika. Kwenye ya pili jasho linatiririka bila kukauka na anaweza kuanguka ndani ya muda mfupi. Dar es Salaam mwezi wa pili, ikiwa nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70, joto la utambi ni 27 na ushee. Yaani kwa jasho la mwanadamu, handaki kavu la nyuzi 40 ni nafuu kuliko kituo cha daladala cha Kariakoo saa nane mchana. Nilipowaeleza hivyo ndugu zangu nyumbani walidhani natania.

Migodi ya Afrika Kusini huanza taratibu maalumu za kuwalinda watu joto la utambi linapovuka 27.5, na kazi za kawaida husimama likivuka 32.5. Ujerumani, kwa kanuni ya mwaka 1983, iliitenga migodi ya chumvi na migodi mingine: kwenye chumvi inatazamwa joto kavu, kwingine kunatumika kipimo kinachochanganya joto, unyevu na upepo. Mantiki yake ni kwamba hewa ya mgodi wa chumvi huwa kavu. Ni mantiki nzuri mradi hewa iwe kavu kweli. Siku maji yanapoingia, joto kavu linaendelea kuonyesha namba ileile huku hali ya watu ikiharibika.

Dalili: ukuta unatoka jasho, sakafu inateleza, karibu na hewa inapoingilia

Uliza ni msimu gani. Kama ni kiangazi cha Ulaya au Marekani, karibu una jibu tayari.

Chukua siku ya nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 70. Kila mita ya ujazo ya hewa hiyo imebeba gramu 19 za maji. Inashuka hadi kwenye mgodi wa nyuzi 18, ambako hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 15 na kidogo. Hapo ingekuwa jiwe la kawaida, ungepata umande. Lakini ukuta ni chumvi, nao hausubiri umande; unaendelea kunyonya mpaka hewa ishuke kwenye asilimia 75, yaani gramu 11 na nusu hivi. Kila mita ya ujazo imeacha gramu saba na ushee ukutani. Kwa feni inayoingiza mita za ujazo 50 kwa sekunde, hayo ni kama tani 30 za maji kwa siku moja, zote zikigeuka maji ya chumvi yanayotiririka kwenye njia ya watu.

Wieliczka wanaijua hesabu hiyo kwa uchungu. Mgodi huo umechimbwa tangu karne ya 13, na wachimbaji wake walichonga sanamu na makanisa ndani ya chumvi. Kanisa la Mtakatifu Kinga liko mita 101 chini. Uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1978, na 1989 ukawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu unyevu ulioletwa na hewa ya feni ulikuwa unazila sanamu. Nyuso za watakatifu zilikuwa zinapoteza pua. Iliwekwa mitambo ya kuikausha hewa, na 1998 mgodi ukaondolewa kwenye orodha hiyo. Dawa yenyewe ndiyo hiyohiyo hadi leo: ikaushe hewa kabla haijagusa chumvi unayoitaka. Unaipoza juu ya ardhi mpaka iangushe maji yake, kisha unaipasha kidogo na kuishusha.

Usipokuwa na fedha za mitambo, ipitishe hewa mpya kwenye mahandaki ya zamani yasiyotumika kabla ya kuifikisha kwa watu. Mahandaki hayo yataumia, lakini yanayofuata yatapona. Kinachoshauriwa sana na ambacho sikioni kikisaidia ni kupunguza feni mchana na kuiongeza usiku. Usiku hewa hupoa, ndiyo, ila gramu za maji zilizomo hubaki karibu zilezile. Unyevu huo unabadilishwa na msimu na upepo, saa haiugusi.

Mabadiliko ya msimu yenyewe yanaweza kukuchanganya kwenye migodi ya milimani yenye midomo miwili, mmoja juu na mwingine chini, isiyo na feni kubwa. Wakati wa baridi hewa ya ndani ni ya joto kuliko ya nje, inapanda na kutokea mdomo wa juu. Kiangazi inageuka, inashuka na kutokea chini. Kwa hiyo ukuta uliokuwa mkavu mwezi wa kwanza unaloa mwezi wa saba, na hakuna aliyegusa kitu.

Kuna ukuta mwingine unaoloa huku kipimo kikionyesha asilimia 55 tu. Usikimbilie kusema kipimo kibovu. Tazama kama sehemu iliyoloa ni mkanda wa rangi tofauti, mara nyingi mwekundu au wa machungwa. Chumvi ya mwambani mara nyingi huchanganyika na madini mengine, na kloridi ya magnesi huanza kuvuta maji kwenye unyevu wa asilimia 33 tu. Ndiyo sababu nyingine ya chumvi ya kienyeji ya pwani kuloa haraka kuliko ile nyeupe ya pakiti: magnesi ya bahari haijaoshwa yote. Mkanda kama huo mgodini hauhitaji dawa ya hewa. Uepuke, usiegeshe vifaa vya umeme chini yake, basi.

Hapa nisimame kidogo kwa jambo ambalo si la starehe. Jasho la ukuta hutanda, jembamba, eneo pana, na baridi ikija hukauka. Maji yanayodondoka kutoka sehemu moja, masika na kiangazi, ni uvujaji. Yakinge kwenye chupa na uyapime uzito: lita ya maji yaliyoshiba chumvi ina kama kilo 1.2. Yakiwa mepesi kuliko hapo, bado yana njaa, na yanakula mwamba njiani yanakopita. Toa taarifa siku hiyohiyo. Ziwa Peigneur, Louisiana, lilitobolewa na keekee ya mafuta Novemba 1980 na maji yake yakamwagika kwenye mgodi wa chumvi uliokuwa chini. Wachimbaji wote walitoka salama, lakini mgodi ulifurika.

Dalili: wiki iliyopita kwenye nyuzi 40 walifanya kazi, leo kwenye nyuzi 34 wanaanguka

Hii ndiyo inayowachanganya wasimamizi kuliko zote, na ndiyo yenye hatari. Joto kavu limeshuka, watu wamezidiwa. Pima utambi. Nakuhakikishia utakuta umepanda. Sasa kazi ni kujua nani ameleta maji.

Mtuhumiwa wa kwanza ni mimi, au mtu kama mimi. Kwenye dhahabu tulizoea kumwagia barabara maji ili kuua vumbi. Ni jambo jema na hakuna anayelihoji. Nilipopewa zamu yangu ya kwanza kwenye mgodi mmoja wa chumvi wenye kina, nikaona vumbi jeupe likitimka nyuma ya magari, nikaagiza gari la maji. Vumbi lilitulia. Baada ya saa tatu joto kavu lilikuwa limepungua nyuzi tano, nikajipongeza. Baada ya saa nne vijana wawili wa mwisho wa handaki walikuwa wamekaa chini, ovaroli zimelowa hadi magotini, mmoja anatapika. Maji yalikuwa yamekauka kutoka barabarani na kuhamia hewani. Joto halikuondoka, lilibadilisha umbo. Juu ya hayo, barabara ililainika na kuchimbika, maana tulikuwa tumeiyeyusha. Mzee aliyekuwa kwenye zamu ile hakunigombeza. Aliinama, akapitisha kidole kwenye tope, akakilamba, akaniangalia.

Vumbi la chumvi linazuiwa kwa kukwangua na kufagia barabara, kwa kunyonya vumbi pale mashine inapokata, au kwa kunyunyiza kidogo maji ambayo tayari yameshiba chumvi. Maji ya bomba yasiyo na chumvi, hapana.

Mtuhumiwa wa pili ni dizeli. Watu wanaukumbuka moshi wake na kuyasahau maji yake: kila lita ya dizeli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji kama mvuke. Mitambo mitatu ikila lita 30 kwa saa kila mmoja, zamu ya saa nane inaingiza lita 700 na zaidi za maji hewani. Mitambo inayosafisha moshi kwa kuupitisha kwenye maji huongeza mengine juu yake. Mtambo wa umeme hauongezi hata tone, na ndiyo maana kwenye mgodi wenye kina kirefu ningebadilisha mitambo kabla ya kununua kipoza hewa.

Wa tatu ni bomba la maji lililopasuka nyuma ya ukuta wa kuzibia, au bwawa la maji ya chumvi lililosahaulika kwenye njia ya hewa mpya. Tembea kinyume na upepo ukipima kila mita 100. Pale utambi unaposhuka ghafla umeshampita mhalifu, rudi nyuma.

Mtu anayelalamika kichwa, kichefuchefu, misuli kukakamaa, mtoe, mpumzishe kwenye upepo, mpe maji kidogokidogo. Anayeanza kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba, au kupoteza fahamu, huyo amepigwa na joto, na dakika zake zinahesabika. Mvue nguo za nje, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu na uite msaada wakati huohuo. Usimnyweshe kitu kama fahamu zimeyumba. Na usisubiri aache kutoa jasho ndipo uamini. Anayefanya kazi nzito anaweza kupigwa na joto huku jasho likimtoka.

Dalili: asubuhi pazuri, saa tano hapakaliki

Joto linalopanda na saa ya zamu halitoki kwenye mwamba. Mwamba haujui saa. Linatoka kwenye kitu kilichowashwa, au kwenye hewa inayozungushwa palepale.

Kwa mitambo, hesabu ni rahisi. Injini ya dizeli hugeuza kama theluthi moja tu ya mafuta kuwa kazi, na hata hiyo kazi mwishowe hugeuka joto mlemle handakini. Mtambo wa kilowati 300, ukifanya kazi kwa wastani wa theluthi ya nguvu yake, unamwaga joto la kilowati 300 hivi. Ukiwa na mita za ujazo 30 za hewa kwa sekunde, hewa hiyo itapanda nyuzi nane. Pima joto kabla ya mtambo na baada yake; kama tofauti inakaribiana na hesabu yako, umempata. Kama ni kubwa mno, ama hewa ni kidogo kuliko inavyoandikwa kwenye daftari, ama inarudi.

Kurudi kwa hewa kunatambulika kwa pua kabla ya kifaa. Harufu ya baruti ya jana bado ipo. Moshi wa gari lililopita dakika 20 zilizopita unakujia tena kwa mbele. Chanzo cha kawaida ni feni ndogo ya bomba la turubai iliyowekwa ndani mno, ikivuta hewa nyingi kuliko inayofika pale, kwa hiyo inanyonya ile iliyokwisha kutumika. Puliza unga kidogo wa poda karibu na feni uone unakokwenda. Isogeze feni nyuma, upande hewa safi inakotokea, na uzibe matundu ya bomba. Tundu la ngumi karibu na feni linapoteza zaidi ya tundu kama hilo la mwishoni, maana pale ndipo msukumo ulipo mkubwa.

Kuna jambo la pekee la migodi ya chumvi hapa. Vyumba vyake ni vikubwa. Chumvi inachimbwa kwa kuacha nguzo nene na kufungua kumbi kati yake, na ukumbi wa mita 15 kwa 7 si ajabu. Mita za ujazo 50 kwa sekunde ni hewa nyingi, lakini kwenye ukumbi huo inatembea nusu mita kwa sekunde. Nyuma ya nguzo haitembei kabisa. Kwenye karatasi mgodi umetimiza masharti, na dereva anatokwa na harara kwapani. Pazia la turubai linaloelekeza hewa kwenye ukumbi mmoja badala ya minne litamsaidia kuliko feni mpya. Na ikiwa kuna mlango wa hewa, uliza nani anauacha wazi. Karibu kila mgodi una mtu huyo, na ana sababu yake nzuri.

Dalili: midomo inapasuka, pua zinatoka damu, macho yanawasha

Kinyume cha yote yaliyotangulia. Ni baridi kali nje. Hewa ya nyuzi sifuri, hata ikiwa na unyevu wa asilimia 80, ina gramu nne tu za maji. Ikipashwa hadi nyuzi 20 mgodini, unyevu wake unashuka hadi asilimia 21 hivi. Inakausha kuta, inakausha sakafu, chumvi inageuka unga na unga unapanda hewani. Ngozi yenye mchubuko inaujua unga huo.

Usirushe maji, tumeshalimaliza hilo. Fagia, punguza mwendo wa magari, wape watu barakoa na miwani, mafuta ya mgando ya midomo, na mahali pa kunawa kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kula.

Hatari yake iliyojificha ni kwamba jasho halionekani. Linakauka likitoka, nguo inabaki kavu, na mtu anaapa hajatoka jasho huku kola yake imeganda chumvi nyeupe. Asiambiwe anywe akiona kiu. Anywe kwa saa, kikombe kila dakika 15 au 20 kwenye joto, na atazame mkojo: ukiwa rangi ya chai ya rangi, amechelewa. Vidonge vya chumvi si vya kumeza kiholela. Anayekula milo yake kawaida anapata ya kutosha, na kwa aliyetoka jasho zamu nzima, pakiti ya ORS ina kipimo sahihi. Kulamba ukuta ni utani wa wageni wa siku ya kwanza.

Dalili: wageni wanatetemeka, waongozaji hawasikii kitu

Haya ni ya migodi ya utalii, nayo ni mepesi. Mwongozaji anatembea, mgeni anasimama kusikiliza. Nyuzi 12 kwa anayetembea ni raha, kwa aliyesimama nusu saa na fulana ni adhabu. Isitoshe ameegemea ukuta, na chumvi hunyonya joto la mwili haraka kuliko zege, seuze ubao. Weka mabenchi ya mbao yaliyo mbali na ukuta, waambie mapema waje na sweta, na usiwasimamishe kwenye njia kuu ya hewa. Usilete hita: ukipasha hewa ya ukumbi, itakwenda kuacha maji yake kwenye kona baridi ya pili.

Na wageni wenyewe ni chanzo cha unyevu. Mtu aliyetulia hutoa joto la kama wati 100, na kila pumzi yake ina maji. Kundi la watu 400 kwenye ukumbi uliofungwa kwa tamasha litaonekana kwenye kipimo cha unyevu kabla wimbo wa pili haujaisha.

Dalili: vipimo vinapingana

Kifaa chako kinasema 68, cha mwenzako 79, na baina yenu kuna ile namba 75 inayoamua kila kitu. Usikisie. Utambi wa kipimajoto ukishaingia vumbi la chumvi, maji yake hukauka polepole na kipimo kinasoma juu kuliko ukweli. Badilisha utambi kila zamu na utumie maji yaliyochemshwa yakakingwa mvuke, si ya bomba la mgodini. Kifaa cha umeme nacho kikipakwa chumvi kwenye kichujio chake kitavutwa kuelekea 75, kwa sababu kimejitengenezea mgodi wake mdogo.

Bahati nzuri, dawa iko chini ya miguu yako. Chukua chumvi safi kwenye kizibo cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Iweke pamoja na kifaa kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, chumvi isikiguse kifaa, na uuache mahali penye joto lisilobadilika mpaka kesho. Ndani ya mfuko unyevu utakuwa asilimia 75, iwe nyuzi 10 au 25. Kifaa kikisoma 81, andika sita kwenye kipande cha plasta, kibandike mgongoni mwake, kisha urudi kwenye daftari la wiki nzima na uzipunguze namba zote zilizokaribia hapo kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba ukuta wake unaloa.